Mguu wa Kushoto wa Maître Théodore

Kila asubuhi, saa ya chai ambayo siku hizi haikuwepo, Maître Théodore, mwalimu wa michezo, aliwapanga watu wa nyumba yake kwenye ukingo wa mtaro. Wa kwanza mke wake, Bibiane. Wa pili binti yao wa pekee, Nadège, aliyekuwa darasa la tano kabla shule hazijafungwa. Wa mwisho mama yake mzazi, Domitille, ambaye mjukuu alimwita Koko na mtaa mzima ukamwita hivyohivyo. Yeye mwenyewe alisimama pembeni na suruali yake ya michezo iliyopauka magotini, firimbi shingoni, mgongo umenyooka, utadhani shule nzima ingali inamtazama. Ardhini alikuwa amechora mstari kwa majivu ya jikoni. Mguu wa kushoto ukanyage hapo, si mbele si nyuma, na kutoka hapo mtu arukie ng'ambo.

"Concentration!" alisema. "Tunaangalia mbele. Pied gauche, muguu ya kushoto, kwa mustari. Moja, mbili, hop!"

Bibiane alikusanya kikwembe chake mkononi, akaruka, akatua ng'ambo kwa magoti. Nadège akafuata, mwepesi, mguu wa kushoto juu ya majivu kabisa, akatua wima. Koko alifika mstarini, akayatazama maji machafu yaliyokuwa yakipita chini, akainua mguu mmoja, akaushusha palepale.

"Miye nimesha kuruka," alisema. "Roho yangu iko ngambo. Mwili itafwata kesho."

"Mama, tafazali."

"Théodore, miye nilikubeba kwa mugongo mwaka mbili. Ile siku ikifika, utanibeba na weye."

Upande wa pili jirani yao Léontine alikuwa akifua nguo. Aliacha kusugua. "Maître! Munaenda lini ku Jeux Olympiques? Mutuletee hata medaye moja!"

Wanawake wenzake wakacheka. Mwalimu akajifanya hakusikia. Alikuwa na mazoezi ya kutosha ya kutosikia, kwa sababu gymnastique ni somo ambalo hata walimu wenzake waliliona kama ruhusa ya kwenda kucheza, na mtu akilifundisha ujana wake wote lazima azoee kutaniwa.

Lakini hakukuwa na mchezo hapo. Wanajeshi wa Uganda walikuwa wakiondoka Bunia. Malori yao yalipita barabarani yamejaa magodoro na mbao, na kila mtu mjini, mkubwa kwa mdogo, alijua kwamba lori la mwisho likishatoka, wenye bunduki watakaobaki wataugombea mji. Wakianza, kidaraja cha barabara kubwa kitafungwa kwanza, kama kilivyofungwa mwezi wa tatu. Njia pekee ya kufika kwenye kambi ya Umoja wa Mataifa, karibu na uwanja wa ndege, itakuwa kuuvuka mtaro huu nyuma ya nyumba na kukata mashamba. Mtu mzima anauruka akijikaza. Mtoto anauruka akithubutu. Anayeshindwa anaangukia ukuta wa mawe uliojengwa zamani za Wabelgiji, na mvua ikiwa imenyesha, maji yanamchukua.

Mwezi wa tatu Nadège hakuthubutu. Alisimama ukingoni, risasi zinapasuka nyuma, miguu imekataa. Théodore alikuwa ameshavuka na vitu. Akarudi, akamfokea, kisha akamshika kiunoni akamtupa ng'ambo kama gunia. Mtoto alipona. Ila alitua kwa uso, na jino la mbele likakatika nusu. Tangu siku hiyo Nadège hakucheka tena bila kufunika mdomo kwa mkono, na kila mkono ule ulipopanda, baba yake alitazama kando.

Hicho ndicho kilichomwamsha Théodore alfajiri. Vita hakuweza kuizuia. Alichokiogopa ni kwamba siku itafika, na mtoto wake atasimama tena pale.


Imani yake ilikuwa moja. Mwili, alisema, ni mwanafunzi mzito. Haushiki kitu mpaka urudie. Mruko ni kama chafya, ukianza kuufikiria umeshachelewa. Kwa hiyo mstari uleule, mguu uleule, neno lilelile, mpaka mguu uondoke kabla kichwa hakijaamka. Ndivyo alivyowafundisha watoto wa shule kuruka mchangani, na wengine waliruka vizuri sana.

Bibiane hakuwa na imani yoyote juu ya miruko. Alikuwa na beseni la samaki waliokaushwa kutoka Tchomia, na njia ya kwenda sokoni. Alikwenda na Nadège, na njiani mtoto aliruka kila kitu: dimbwi, gogo, mbuzi aliyelala, mara kwa mguu huu, mara kwa ule, na beseni dogo kichwani. Bibiane hakumwambia aruke wala aache.

Jioni moja Théodore alimkuta binti yake uwanjani na wasichana wenzake wanacheza nzango. Atakayekuwa hajauona mchezo huu, na auone siku moja. Wawili wanasimama wakitazamana, wanapiga makofi, wanaruka juu pamoja, na wanapotua kila mmoja anarusha mguu mmoja mbele. Miguu ikioana, huyu amepata. Isipooana, amepata yule. Hakuna anayekuambia utoe upi wala lini. Unamsoma mwenzako machoni na mabegani, unajibu ukiwa hewani.

"Nadège! Kuya hapa!"

Mtoto akaja, ameinamisha kichwa.

"Nani alikuambia kucheza ile? Asubui tunafundisha muguu ya kushoto, mangaribi weye unaichanganya na ya kuume. Muguu itajua nini sasa?"

Bibiane alikuwa mlangoni anachagua samaki. "Mwache acheze, baba Nadège."

"Nzango inaharibu. Exercice iko moja: kurudilia. Kurudilia paka mwili ishike."

"Ishike nini? Paka tu ile mustari yako ya majivu?"

"Ndiyo, mustari."

"Na siku bale batu banakuya, utabaambia bangojee kwanza, uchore mustari?" Bibiane alisema bila kupandisha sauti, na hilo lilimuudhi mumewe zaidi. "Mwezi ya tatu tulipita na ngambo gani? Ya kule kwa mawe. Mara ingine tutapita wapi? Unajua? Mvua itanyesha, haitanyesha? Atakuwa na bidon kwa mukono ao hapana? Unamufundisha kuruka fasi moja, kama vile vita iko na adresse."

"Bibiane. Miye ndiyo maître ya gymnastique."

"Najua. Na miye ndiyo mama yake."

Koko, aliyekuwa ameketi kizingitini akisikiliza yote kwa furaha, alisema kwamba wakati wao waliruka tu walipoona nyoka, na hakuna aliyewafundisha. Nadège hakucheza tena siku hiyo, na kesho yake asubuhi aliruka vizuri kuliko siku zote, mguu wa kushoto, majivu, hop, hata baba yake akamtazama mkewe kidogo, kama mtu anayesema: unaona?


Blaise alikuja na wenzake wawili wakati jua limesimama kichwani. Alikuwa mwanafunzi wa Théodore miaka michache tu nyuma, mwepesi wa mbio, mvivu wa kila kitu kingine. Sasa alikuwa na bunduki na miwani ya jua ya mtu mwingine.

"Maître! Tulisikia unafundisha batu kutukimbia."

"Nafundisha batu ya nyumba yangu sport, Blaise. Unanijua."

"Nakujua muzuri." Alitabasamu. Pengine hakukusudia mabaya makubwa. Alikuwa na bunduki, mchana ulikuwa mrefu, na hapa palikuwa na mtu aliyewahi kumpigisha magoti kwa kuchelewa. "Tuonyeshe sasa. Pied gauche. Hop!"

Théodore alitazama nyuma. Mama yake alikuwa kizingitini. Nadège alikuwa mlangoni mwa jiko, mkono mdomoni ingawa hacheki. Akaenda mstarini, akaruka.

"Rudia! Si weye ulikuwa unasema kurudilia? Hop!"

Akaruka akarudi. Hop. Akaenda. Hop. Wale vijana walicheka mpaka wakashikana mabega. Hop, maître, hop, inua goti, concentration. Akaruka mpaka mapaja yakaanza kutetemeka, mpaka mstari wa majivu ukafutika kwa viatu vyake mwenyewe, na mwisho mguu wa kushoto, mwanafunzi wake bora, ukamkatalia. Alianguka majini hadi kiunoni. Blaise akashuka ukingoni, akamnyooshea mkono kama anataka kumsaidia, akaivuta firimbi shingoni mwake, akaipuliza mara moja, wakaenda zao.

Safari hii Léontine hakucheka. Aliinamia nguo zake, akasugua shati moja muda mrefu sana.

Asubuhi iliyofuata Théodore aliwapanga tena. Alichora mstari upya. Nadège akakaa tayari, mguu wa kushoto nyuma kidogo, macho kwa baba yake.

"Moja," alisema Théodore. "Mbili."

Neno halikutoka. Alifungua mdomo, akaufunga. Akakohoa. Akajaribu tena, moja, mbili, na pale penye lile neno alisikia kicheko cha Blaise. Nadège alibaki mstarini, akingoja.

"Papa, sema."

"Ruka tu, mama. Ruka."

Hakuruka. Alijaribu, mwili ulisogea, ukarudi, kama mlango ambao ufunguo wake haupo. Mtoto aliyeruka vile kila asubuhi alisimama pale kama mwezi wa tatu, na baba yake akaona, na Bibiane akaona, na hata Koko aliyeona kila kitu kwa nusu jicho aliona.

"Inatosha leo," Bibiane alisema. "Njoo, Nadège, tukachague samaki."


Ilikuwa katikati ya magamba na harufu ya moshi ndipo Bibiane alipouliza, akiwa hamtazami mtoto, kwa sababu alijua mtoto akitazamwa hufunga mdomo.

"Juu ya nini hukuruka?"

"Papa hakusema hop."

"Na asiposema?"

Nadège alichukua samaki mwingine. "Ile siku ya mwezi ya tatu alisema hop mara mbili. Sikuruka. Kisha akanitupa." Akamtupa samaki upande wa waliovunjika. "Sasa nikisikia hop naruka mbiyo, kabla hajanikamata."

"Unaogopa maji?"

"Hapana, mama. Maji siogopi."

Bibiane aliendelea kuchagua samaki, wazuri huku, waliovunjika kule, na akawachanganya vibaya hivi kwamba ilimbidi aanze upya. Moyo ulimuuma. Ulimuuma kwa ajili ya mtoto, na zaidi kidogo kwa ajili ya mume wake, kwa sababu alijua kwamba katika Bunia nzima hakukuwa na baba aliyempenda mtoto kuliko yule.

Alimwambia jua likizama, wakati Théodore anapasua kuni. Alimwambia yote kama alivyoambiwa, bila kupunguza. Théodore aliweka shoka chini.

"Alisema vile?"

"Vile vile."

"Anaogopa miye."

"Anaogopa ile mikono, ile siku."

Théodore alitazama mikono yake. Kisha akalia, akiwa amesimama, bila sauti, mabega yanacheza. Bibiane alisogea akaweka kichwa chake mgongoni kwa mumewe, hapo penye jasho, akakaa hivyo mpaka mabega yakatulia. Kuku alipita katikati ya kuni. Ndani Koko alikuwa akiuliza kama chakula cha nyumba hii hupikwa kwa maneno.

"Sikukuwa na namna ingine," Théodore alisema mwishowe. "Ile siku. Niliona atakufa."

"Najua. Na miye ningemutupa."

"Mufundishe weye sasa. Namna yako."

"Miye siko na namna. Niko paka na nzango tu."

"Basi, nzango."


Bibiane alikuwa mtu wa nzango kwelikweli. Alipokuwa msichana huko Kilo walimficha ili shule nyingine zisijue kwamba yupo. Sasa alikuwa mzito kidogo, na kikwembe kilimfunguka kila mara, lakini mguu wake ulikuwa ungali mwongo: mabega yanasema kushoto, kinachotoka ni cha kulia. Alicheza na Nadège uwanjani, jikoni, njiani kurudi sokoni. Halafu akaenda naye mtaroni. Hakuchora kitu. Mahali pembamba kwanza, halafu penye upana. Leo penye mawe, kesho penye nyasi. Mara Nadège na bidon tupu la maji mkononi, mara na kikwembe kimefungwa mgongoni kama mtoto. Mama aliruka kwanza, akageuka akiwa ng'ambo, akaruka juu papo hapo na kutoa mguu. Mtoto ndiye wa kujibu. Akijibu, ameshakuwa hewani.

Siku za kwanza ilikuwa fujo. Nadège, aliyekuwa akiruka kama saa, sasa aliteleza, alichubuka, alikosea mguu, alitua kwa makalio. Ilimuuma Théodore kutazama. Aliketi juu ya gogo, mikono katikati ya magoti, akiwa ameahidi kunyamaza, na ahadi ilimshinda kila mara.

"Goti, mama Nadège! Mwambie goti. Akiinua goti nguvu inapanda!"

"Nyamaza, maître."

"Nimenyamaza. Paka goti."

Bibiane akamtazama mtoto. "Sikia papa. Inua goti."

Nadège akainua goti, na mruko ukaongezeka kwa hatua nzima. Ukweli lazima usemwe: nguvu iliyokuwa katika mguu ule wa kushoto aliiweka baba yake, asubuhi kwa asubuhi, kwa ukaidi wake wote. Bila hiyo, mama angekuwa na mtoto mwenye akili ya kuruka na miguu ya maji. Bibiane alilijua hilo, na jioni alimwambia mumewe, na Théodore akajifanya hajali, kisha akala vizuri.

Siku za kujifunza hazikuwa nyingi. Lori la mwisho liliondoka.


Wenye bunduki walikuja alfajiri, na mvua ilikuwa imenyesha. Milio ya kwanza ilitoka upande wa barabara. Théodore alikuwa amepanga njia: nyuma ya nyumba, mstarini, ng'ambo. Lakini waliposukuma mlango wa nyuma walisikia sauti za wanaume mtaroni, pale pale penye majivu, wakiitana na kucheka. Bibiane alimshika mumewe mkono, akaonyesha chini, upande wa migomba. Hawakusema kitu. Kila mtu alijua kwamba neno moja lingewaita wale.

Walipita kati ya migomba, majani yakiwamwagia maji. Bibiane mbele na mfuko wa unga na sufuria ndani ya kikwembe, Nadège nyuma yake na bidon la njano, Théodore wa mwisho, mama yake mgongoni. Koko alikuwa mwepesi kuliko alivyodhani, na hilo lilimtia huzuni hata katika saa ile.

Hapo walipofika mtaro ulikuwa mpana zaidi, na hakuna aliyewahi kuuruka mahali hapo. Ukingo ulikuwa udongo mwekundu unaoteleza, maji yamejaa, yanavuma. Bibiane alirusha mzigo ng'ambo. Alirudi nyuma, akakimbia, akaruka, akatua kwa mikono na magoti kwenye nyasi, akasimama.

Nadège alifika ukingoni akasimama.

Théodore alimwona nyuma ya shingo, zile nywele alizosukwa juzi, na yale mabega madogo yakipanda. Alijua kusimama kule. Nyuma yao risasi zilipiga bati la nyumba ya mtu. Mikono yake ilikuwa imeshika miguu ya mama yake, na kama ingekuwa huru hajui ingefanya nini. Alifungua mdomo. Neno lilikuja, safari hii lilikuja hasa, likafika kwenye ulimi. Akaliuma. Hata kama wale wanaume wasingesikia, alijua mtoto angesikia nini ndani yake.

Ng'ambo Bibiane aligeuka. Alifuta matope usoni. Kisha mwanamke yule mzito, kikwembe kimelowa mpaka kiunoni, alifungua viganja vyake akavikutanisha bila sauti, akaruka juu kidogo palepale, akatua, akatoa mguu wa kulia.

Nadège akajibu. Hakuna aliyeona alipoamua. Alikuwa amesimama, halafu akawa hewani na bidon lake, goti limeinuliwa juu kama baba yake alivyotaka, akatua kifuani kwa mama yake na wote wakaanguka kwenye nyasi.

Basi akabaki mwalimu. Alisogea ukingoni, akatafuta mahali pa mguu wa kushoto, na udongo ukamong'onyoka chini yake. Alisogea kando. Pakamong'onyoka. Théodore, aliyeuruka mtaro huu mara nyingi kuliko mtu yeyote Bunia, alisimama na mama yake mgongoni, na miguu ikamkatalia. Sasa aliijua hali ile. Si woga wala ubishi. Mwili unangoja tu kitu unachokijua, nacho hakipo.

Koko akamnong'oneza sikioni, "Shusha miye. Weye wende."

Alitikisa kichwa. Akatazama ng'ambo. Nadège alikuwa amesimama. Alikuwa anamtazama yeye, usoni kabisa, si mikononi. Alikutanisha viganja bila sauti. Akaruka juu kidogo. Akatoa mguu.

Théodore aliruka kwa mguu wa kulia, vibaya, bila mtindo wowote ambao angemruhusu mwanafunzi wake. Kifua kilipiga ukingo, miguu ikabaki majini. Bibiane alimkamata Koko kwapani akamvuta juu. Na mkono uliomshika Théodore kwenye shati, ukavuta, ukateleza, ukashika tena na haukuachia mpaka akapanda, ulikuwa mdogo na baridi na umejaa matope.


Karibu na uwanja wa ndege maelfu ya watu walikuwa wamefika kabla yao, na maelfu wakaja baadaye. Waligawiwa kipande cha hema la plastiki, wakakifunga kwenye fito. Nyumba yao ilikuwa imechomwa; Léontine, aliyefika siku ya pili bila viatu, ndiye aliyewaambia. Bibiane alimpa kona ya kulala. Koko alilalamika juu ya maharagwe, juu ya choo, juu ya kelele za ndege, na kwa kuwa alilalamika, walijua kwamba ni mzima.

Théodore alikaa siku kadhaa hemani. Ubavu ulimuuma. Watoto wengine wa shule yake walimwona, wakamwita maître, akawapungia mkono. Walipomwomba awafanyie gymnastique alisema hana firimbi.

Alasiri moja alitoka nje ya hema. Katika uwazi mdogo kati ya kamba, wasichana walikuwa wakicheza nzango, vumbi limewapanda magotini, na Nadège alikuwa katikati. Théodore alisimama. Wasichana wakamwona na mchezo ukafa. Nadège akaacha kuruka, akangoja kuitwa.

"Nadège," alisema. Alikohoa. "Jino yako. Ni miye nilivunja. Sijakuambia pole."

Mtoto alichezesha kidole cha mguu kwenye vumbi. "Ndiyo, papa."

"Pole, mama yangu."

"Ndiyo, papa," alisema tena, na sauti ilikuwa ndogo, lakini alikuwa amemtazama.

Théodore alisimama kidogo, hajui mikono aiweke wapi. Kisha akakunja suruali yake ya michezo, moja, na ya pili, mpaka magotini.

"Munanipa nafasi? Nataka kujifunza."

Wasichana walitazamana. Nadège akasogea akasimama mbele ya baba yake, wakatazamana. Makofi. Wakaruka. Alitoa mguu wa kushoto, akafungwa. Makofi, wakaruka, mguu wa kushoto, akafungwa. Akajikaza, akamkazia macho, akaamua kwa moyo wake wote kutoa wa kulia, akaruka, na uliotoka ni wa kushoto. Watu walianza kukusanyika. Léontine akaja. Bibiane akatoka hemani na mwiko mkononi. Mtoto mdogo kuliko wote pale, ambaye hata zamu yake haikuwa imefika, akapiga kelele:

"Eh! Maître anatoa paka gauche tu!"

Na ilikuwa kweli. Miaka yote ile ya mstari na majivu, mguu ulikuwa umesoma, umefaulu, na haukutaka kusikia habari nyingine. Akajaribu tena. Kushoto. Tena. Kushoto. Koko alicheka mpaka akashika fito ya hema na hema likayumba.

"Papa!" Nadège alishindwa kuruka. Alikuwa amejikunja, mikono yote miwili imeshika tumbo. "Papa, ingine! Uko na muguu ingine!"

Alikuwa anacheka, kichwa kimeinuliwa, mdomo wazi mbele ya watu wote, na lile jino la nusu linaonekana. Mikono haikupanda. Théodore hakutazama kando. Alisimama akihema, akalitazama vizuri kwa mara ya kwanza, kisha akapiga makofi na kuruka tena.